Damu Mbili, Gari Moja

Katika jina la Yaeda Chini, neno la kulitazama ni la mwisho. Iko Yaeda Ampa huko juu kwenye mashamba, na iko hii. Tuliondoka Mbulu mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Agosti, ukungu umelalia mashamba na akina mama wa Kiiraqw wanatembea kando ya barabara wamejitanda shuka hadi masikioni. Ardhi ikaenda sawa kwa muda, kisha ikakatika. Dereva akaingiza gia ndogo. Gari likaanza kuteremka ukingo wa bonde kwa kuyumba, jiwe baada ya jiwe, na kila baada ya kona mbili tatu mmoja wetu alivua nguo. Bondeni nilifika na shati tu, nalo limenigandia mgongoni kwa jasho.

Bonde lenyewe ni pana hata macho yanakosa pa kushika. Katikati pana mbuga ambayo masika hujaa maji ikawa ziwa, na kiangazi hubaki ukoko mweupe uliopasuka vipandevipande kama chungu kilichoanguka. Juu yake vimbunga vidogo vya vumbi vilikuwa vikitembea, virefu, vinne au vitano kwa mara moja, bila haraka. Pembeni, ardhi inapoanza kuinuka, ndiko iliko mibuyu. Mmoja niliuzunguka nikihesabu hatua: ishirini na sita. Shina lake lilikuwa na vigingi vya mti vilivyopigiliwa toka chini hadi kwenye matawi, ngazi ya Mhadzabe anayefuata asali. Vingine vimeoza, vingine vina gome bichi. Ngazi ile imekarabatiwa na watu wengi kwa miaka mingi.

Hapa wanaishi watu ambao lugha zao hazina undugu wowote wa karibu. Wahadzabe, wenye lugha ya kualika ulimi, wanaokula kinachowindwa na kuchimbwa. Wadatoga, wafugaji, wanawake wao na sketi za ngozi zenye nyuzinyuzi na bangili za shaba zinazolia kila wanapoinua mkono. Na Wairaqw wanaoteremka kutoka juu na jembe. Pundamilia na ng'ombe hunywa dimbwi moja. Mbwa hunywa humohumo. Hili la dimbwi nilidhani ni la mandhari tu, la kupiga picha.

Nilikuwa nimefuatana na daktari wa mifugo, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye buti za mpira na kisanduku cha barafu cha buluu ambacho hakumruhusu mtu mwingine kukibeba. Alikuwa ameitwa na mzee mmoja wa Kidatoga ambaye ng'ombe wake watatu walitupa mimba katika muda usiozidi wiki tano, wote wakiwa wamefika mwezi wa saba.

Boma la mzee limezungushiwa matawi ya mgunga, miba nje na ndani, kimo cha kifua. Ukikaribia unasikia harufu kabla hujaona kitu: samadi iliyokauka, moshi, na maziwa yaliyoanza kuchacha. Mzee alikuwa amesimama langoni na fimbo, shuka nyeusi begani.

"Shikamoo mzee," daktari alisema.

"Marahaba. Umechelewa. Kuna wa nne tangu jana."

Alituonyesha. Ndama alikuwa amelazwa nje ya boma chini ya kichaka, au niseme alichobakiza mbwa cha ndama. Hana manyoya bado, ngozi yake rangi ya zambarau. Daktari aliinama, akavaa glavu zake mbili juu ya mbili, akauliza nani alimtoa. Mzee akaelekeza kwa kidevu kwenye nyumba. Mke mdogo. Kwa mikono? Kwa mikono. Na kondo la nyuma? Lilikwama, akalivuta. Kwa mikono? Mzee alimtazama kama anayeulizwa kama maji hunywewa kwa mdomo.

Ng'ombe walikuwa kama sitini, wadogo, wenye nundu, wa kila rangi. Nilipewa kazi ya kuhesabu magoti. Ndivyo alivyosema: "Wewe hesabu magoti." Nilipata ng'ombe watano wenye magoti ya mbele yaliyovimba, uvimbe laini wa ukubwa wa chungwa, kana kwamba mpira umeshonewa chini ya ngozi. Hawachechemei sana. Mzee alisema ni kwa sababu ya kulala kwenye mawe.

"Kutupa mimba kuna sababu nyingi," daktari aliniambia pembeni. "Kutupa mimba pamoja na magoti haya, sababu zinapungua."

Alikuwa akifikiria brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa wanyama hadi kwa watu. Lakini alimuuliza mzee pia kuhusu mvua, kwa kuwa homa ya Bonde la Ufa nayo hutupisha mimba, na huja na mafuriko. Mzee aliukumbuka vizuri mwaka ule, 2007, homa hiyo ilipopita mikoa mingi ya Tanzania, Manyara ukiwamo. Alisema mwaka ule mimba zilianguka kama ubuyu ulioiva. Mwaka huu hapana; mwaka huu ni mmoja mmoja. Basi hiyo ikatolewa kwenye orodha bila tone la damu, kwa kuuliza tu.

Kibanio kilikuwa magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba ya ngozi. Vijana wawili wanamsukuma ng'ombe, wa tatu anamshika pua na pembe na kumgeuza kichwa, daktari anabonyeza shingo kwa kidole gumba mpaka mshipa unatuna kama kamba iliyopita chini ya ngozi. Sindano. Kichupa chenye kifuniko chekundu kikivuta damu chenyewe kwa sauti ndogo, sii. Kisha anauliza jina. Kila ng'ombe analo. Kijana mmoja alinitafsiria la mmoja wao: Aliyekuja na Mvua. Daktari aliandika majina yote kwenye vichupa, na namba chini yake. Nilimuuliza kwa nini asiandike namba tu. "Nikirudi na jibu la namba saba," alisema, "mzee ataniuliza saba ndiye nani."

Vichupa kumi na kimoja. Vilipangwa kivulini vikiwa vimeinamishwa, damu igande upande mmoja na maji yake ya manjano yajitenge.

Mke mdogo hakutoka nyumbani. Tulimkuta amelala kwenye ngozi, uso umeloa. Alikaa akatusalimia, akaniita mwanangu ingawa nadhani tunalingana umri, kisha akatutolea kibuyu cha maziwa. Ndani ya nyumba ile, gizani, kibuyu kilinukia moshi na kitu kama siagi. Daktari alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini karibu na goti lake, na tukaongea mambo mengine hadi kikasahaulika. Sijui kama kweli kilisahaulika.

Homa ilikuwa wiki ya nne. Inakuja jioni, inamtoa jasho usiku kucha mpaka ngozi anayolalia inaloa, asubuhi inaondoka, anaamka kukamua. Kiuno kinauma, na nyonga. Alikwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, dozi kamili, alizonunuliwa dukani siku ya mnada. Kila mara alipata nafuu kwa siku kadhaa. Homa ya brusela ndivyo ilivyo, hupanda na kushuka yenyewe, na dawa yoyote utakayoimeza siku inapoteremka utasema ndiyo iliyokuponya.

Nilimhurumia kwa sababu yangu. Niliwahi kutibiwa taifodi mara tatu ndani ya miezi miwili, katika zahanati moja ya mjini ambayo sitaitaja, kila mara kwa tone la damu na karatasi yenye alama za kujumlisha. Mara ya nne, mahali pengine, niliambiwa sina taifodi na huenda sikuwahi kuwa nayo. Watanzania wengi tunayo historia kama hiyo. Malaria, taifodi, na siku hizi yutiai: ukiingia na homa, huwezi kutoka bila moja ya hizo tatu.

Adhuhuri mwanawe alimpakia kwenye pikipiki, tukamfuata kwa gari hadi zahanati. Ni jengo jeupe chini ya bati, veranda yenye benchi, kivuli cha mti ambamo watu walikuwa wameketi kwa makundi ya lugha. Mwanamume wa Kihadzabe alikuwa na mtoto mwenye kidonda mguuni. Upinde na mishale ameviegemeza ukutani nje, kama mtu anavyoacha mwavuli. Tabibu alikuwa mtu mzima mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jembamba. Alimchoma mama kidole, akaweka tone kwenye kipande cha plastiki kirefu kama kidole cha shahada, akadondosha maji yake, akageuza saa yake ya mezani.

Dakika kumi na tano hadi ishirini. Muda huo tabibu hakukaa kimya. Aliuliza kuhusu kikohozi, mimba, mkojo. Kisha akauliza swali ambalo naamini ndilo lililokuwa kipimo cha kwanza cha maana alichofanyiwa mama yule kwa wiki nne: "Nyumbani ng'ombe wanazaa salama?"

Mstari mmoja. Si malaria.

Hospitalini Moshi, kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kwa macho na uzoefu wa matabibu, 528 kati yao walikuwa na malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, homa ya malaria ilikuwa kwa 14 tu. Na miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi kidogo ya robo walikutwa nayo, wengine brusela, na karibu hakuna aliyekuwa ameyadhania. Moshi kuna hospitali kubwa za mjini. Nilizirudia tarakimu hizo kichwani pale kwenye benchi, nikimtazama tabibu akiandika rufaa kwa mkono wa taratibu, herufi zinazosomeka.

Kwa nini rufaa? Kwa sababu zahanati, kwa ngazi yake, hupima malaria, virusi vya Ukimwi, kaswende, wingi wa damu, sukari. Brusela hupimwa mbele zaidi. Hospitali kubwa ya upande huu wa Mbulu iko Haydom, ilianza 1955, na watu wa bonde lote huisema kwa jina la mji wenyewe: amepelekwa Haydom, amerudi Haydom, alifia Haydom. Wapo wanaofika huko baada ya mwezi wa homa, wapo baada ya mwaka. Umbali ni sababu moja. Nyingine ni kwamba kwanza humaliziwa dawa zote za dukani.

Hata mtu akifika kwenye kipimo, kipimo chenyewe kinaweza kumpoteza. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa 2017 ulikirudia kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika hospitalini. Chenyewe kilisema karibu mtu mmoja kati ya watano wenye homa ana brusela. Kipimo bora zaidi kilipotumika kwa damu ileile, hawakufika hata mmoja kati ya mia. Na tiba ya brusela si ya mchezo: aina mbili za dawa, wiki sita kwa kawaida. Mtu asiyeugua akazimeza wiki sita, na homa yake halisi ikimsubiri pembeni. Sijui ni lipi baya zaidi, hilo au yule mama na dozi zake mbili za malaria.

Jioni tulipiga kambi si mbali na kijiji. Jua lilizama nyuma ya vilima vya upande wa Eyasi likiwa jekundu na kubwa kupita kiasi, kwa sababu ya vumbi. Mzee mmoja wa Kihadzabe alikuja kuota moto wetu. Alitusalimia "mtana", akapokea sigara, akakaa. Hapa Yaeda Chini, miaka ya 1960, serikali ilijenga makazi ya kuwakusanya Wahadzabe, na shule, na mashamba. Watu waliozoea kuishi wachache wachache na kuhama waliwekwa pamoja. Magonjwa ya kuambukiza yakawapiga, wengine wakafa, na wengi wa waliobaki walirudi porini. Mzee wakati huo alikuwa mtoto. Nilimuuliza anakumbuka nini. Alisema anakumbuka kukohoa. Usiku kucha nyumba zote zinakohoa. Akacheka, akatupa kichungi motoni.

Kulipokucha daktari alifungua kisanduku chake juu ya boneti ya gari. Alitoa kigae cheupe cha bafuni, cha kawaida kabisa, na kichupa cha dawa ya waridi iliyokolea. Wataalamu huiita Rose Bengal, jina la rangi yake; ni bakteria wa brusela waliouawa wakatiwa rangi. Aliiacha nje kwanza ipoteze ubaridi, kwani ikitumika ikiwa baridi inaweza kudanganya. Wakati tukingoja alinisimulia habari ya Malta, kisiwa ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Kijidudu kilionekana 1887. Ilichukua hadi 1905 mtu kugundua kwamba kinatoka kwenye maziwa ya mbuzi, mbuzi wazima kwa macho, wenye afya, waliokuwa wakikamuliwa mlangoni mwa wanunuzi. Askari walipokatazwa maziwa yale, homa ikaporomoka.

"Miaka kumi na minane," alisema, "wanatazama wagonjwa tu."

Kisha akadondosha. Tone la maji ya damu, tone la waridi, ukubwa sawa. Akachanganya kwa kijiti cha meno, akakiinua kigae mikononi na kuanza kukitikisa polepole, kama mtu anayepepeta mchele kwenye sahani. Dakika nne. Dereva alizima redio bila kuombwa. Mduara wa kwanza ulibaki laini, waridi tupu, kama uji mwembamba. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulianza kuchafuka pembeni; ukiinamisha kichwa kwenye mwanga unaona punje, ndogo kama mchanga, zikikusanyana na kuacha maji safi kati yao. Sikuhitaji kuelezwa.

Wanne kati ya kumi na mmoja. Aliyekuja na Mvua alikuwamo.

Tulipita kwa mzee kumwambia. Alisikiliza hadi mwisho. Ng'ombe hawatibiwi brusela. Wanaoonekana nayo hutengwa, hupelekwa machinjioni, na ndama majike wazima huchanjwa. Maziwa yachemshwe. Mizoga ya ndama ifukiwe, mbwa wasiifikie. Daktari aliyasema haya yote kwa upole, na kila moja lilipotoka lilionekana refu kuliko bonde. Kuni za kuchemshia maziwa ya boma zima zinatoka wapi, na nani anakwenda kuzitafuta, na fidia ya ng'ombe wanne ni shilingi ngapi, kutoka kwa nani?

"Wewe unataka niue ng'ombe kwa sababu ya doa la rangi," mzee alisema.

"Nataka tungoje jibu la Arusha, mzee. Kule wana kipimo cha pili. Mpaka hapo, wanne hawa walale peke yao."

Mzee alifikiri. Alisema watalala peke yao. La maziwa hakulijibu.

Mama tulimchukua sisi. Gari moja ndilo lililokuwa likipanda siku ile. Alikaa kiti cha nyuma, bangili zake zimefungwa kwa kitambaa zisilie, bahasha ya rufaa ndani ya kanga kifuani. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, kisanduku cha buluu kiliwekwa sakafuni mbele yake, na tulipoanza kupanda ukingo aliegemeza nyayo zake juu ya kifuniko ili asiteleze. Chini ya nyayo zile ilikuwamo damu ya Aliyekuja na Mvua. Daktari aliona, akataka kusema kitu, akaacha. Kona baada ya kona tulivaa tena nguo tulizozivua jana. Mama alitetemeka mapema kuliko sisi.

Mbulu mjini barabara zinaachana. Kusini ni Dongobesh na Haydom. Kaskazini ni Karatu, kisha Arusha iliko maabara ya mifugo. Stendi ilinukia chipsi na dizeli. Basi la kusini lilikuwa likipiga honi. Mwanawe aliyetutangulia kwa pikipiki alikwisha kukata tiketi.

Daktari alimwomba mama ile bahasha. Akaitoa karatasi, akaigeuza, akaiweka juu ya kisanduku na kuandika nyuma yake: ng'ombe wa nyumbani waliotupa mimba wanne, waliopimwa kumi na mmoja, wanne wana dalili za brusela, jibu la uhakika linasubiriwa, mgonjwa alitoa ndama kwa mikono. Akatia sahihi na namba ya simu.

Upande wa mbele fomu ina nafasi ya joto, mapigo, uzito, dawa alizotumia na kipimo cha malaria. Nafasi ya mifugo haina.